Simu Ikibadilika Sura, Nani Hujifunza Upya?



Kazi nyingi za kamati zetu za parokia zimehamia kwenye simu. Michango ya ujenzi inapokelewa kwa M-Pesa, muhtasari wa kikao unapigwa picha na kutumwa kwa WhatsApp, na kisima kikikamilika mfadhili anaonyeshwa maji yakitoka siku ileile. Kwa sababu hiyo mabadiliko yanayofanyika ndani ya simu yanatugusa, hata yakiwa yameamuliwa mbali sana na Katavi. Makala haya yanaeleza mjadala mmoja unaorudi kila baada ya miaka michache huko zinakobuniwa simu, yaani mjadala wa kubadilisha sura ya mfumo endeshi. Kamati na wafadhili wanapaswa kuufahamu kabla ya kuandika bajeti ijayo ya vifaa.

Mfumo endeshi ni programu kuu inayoongoza programu nyingine zote ndani ya simu. Ndiyo inayoamua picha ndogo za programu zikae wapi, maandishi yawe na ukubwa gani, na mtu akitaka kurudi nyuma abonyeze wapi. Simu nyingi za kupangusa tunazozikuta madukani Mpanda mjini, kama Tecno, Itel, Infinix na Samsung, hutumia Android ya kampuni ya Google. iPhone hutumia iOS ya kampuni ya Apple. Kitochi nacho kina mfumo wake, ila ni mdogo na kwa kawaida haubadiliki: jinsi ulivyokinunua ndivyo kitakavyokuwa mpaka kife. Simu ya kupangusa ni tofauti. Google na Apple hutoa toleo jipya la mfumo karibu kila mwaka. Sehemu kubwa ya mabadiliko hayo mtumiaji hayaoni, kwa mfano kuziba mianya ambayo wezi wangeweza kuitumia. Sehemu nyingine ni ya sura, na hapo ndipo ubishi unapoanzia.

Mjadala wenyewe

iPhone ya kwanza ilipotoka mwaka 2007, watu wengi walikuwa hawajawahi kushika simu isiyo na vitufe. Wabunifu wakawasaidia kwa kuiga vitu halisi. Daftari la kuandikia lilionekana kama karatasi ya njano yenye mistari, na baadaye vitabu vikapangwa kwenye rafu ya mbao. Kitufe kilikuwa na kivuli kidogo chini yake, hivyo jicho lilikiona kimeinuka na kidole kikajua kwamba kinabonyezeka. Tarehe 18 Septemba 2013 Apple ilitoa iOS 7, iliyosimamiwa na mbunifu Jony Ive, na mbao, karatasi na vivuli vingi vikaondolewa. Kila kitu kikawa bapa, maandishi yakawa membamba, na mahali pengi neno tupu likachukua nafasi ya kitufe. Baadhi ya watumiaji walilalamika hata kwamba miondoko ya picha inawatia kizunguzungu, na mwezi uliofuata Apple ikaongeza njia za kuipunguza.

Google ilifuata njia yake. Katika Android 5.0 ya mwaka 2014, alama tatu za chini ya kioo zilibadilishwa. Mshale wa kurudi nyuma ukawa pembetatu, nyumba ya kurudi mwanzo ikawa duara, na visanduku vya programu zilizofunguliwa vikawa mraba mmoja. Tuitazame hatua hii kwa makini. Mtoto wa darasa la pili anaelewa kwamba picha ya nyumba maana yake ni kurudi nyumbani, lakini duara halimwambii mtu lolote mpaka afundishwe. Mwaka 2019 Android 10 ikaenda mbali zaidi na kuruhusu alama hizo ziondolewe kabisa. Mtu hupangusa kutoka ukingo wa chini kwenda juu ili kurudi mwanzo, na kutoka ukingo wa pembeni kuingia ndani ili kurudi nyuma. Karibu hakuna kitu kinachoonekana cha kumwongoza. Anayejua anapita, na asiyejua anabaki ndani ya WhatsApp akitafuta mlango wa kutokea.

Mjadala ukawaka tena tarehe 9 Juni 2025, Apple ilipotangaza sura mpya inayofanana na kioo, ambamo vitufe na menyu huonyesha kwa mbali kilicho nyuma yake. Hata kabla mfumo huo, iOS 26, haujatolewa rasmi Septemba mwaka huohuo, watu walikuwa wakilalamika kwamba maandishi hayasomeki vizuri juu ya picha. Novemba 2025 Apple iliongeza chaguo la kuufanya uwazi huo upungue.

Wabunifu wana hoja zao, nazo si za kupuuza. Wanasema mapambo ya zamani yalikuwa kama magongo ya mtu anayejifunza kutembea, na kwamba dunia sasa imeshajifunza. Vitufe vya chini vikiondolewa, kioo kidogo kinapata nafasi zaidi ya maandishi. Wanasema pia kwamba kila badiliko hulalamikiwa kwa miezi michache, kisha watu huzoea. Wapinzani wao si watu wasiojua teknolojia. Mwaka 2015 Donald Norman na Bruce Tognazzini, ambao wote wawili waliwahi kufanya kazi Apple, waliandika makala makali wakidai kwamba kampuni hiyo imeutupa msingi muhimu kuliko yote: mtumiaji aweze kuona kwa macho yake ni mambo gani yanawezekana, na akikosea aweze kurudi nyuma.

Kwetu huja kwa mkupuo

Mjadala huu wote huendeshwa na watu wanaopata mabadiliko kidogokidogo. Mkazi wa California mwenye simu ya bei kubwa hupokea toleo jipya kila mwaka, hununa wiki moja, kisha huzoea. Kwetu mambo ni tofauti kabisa, na kwa maoni yetu tofauti hii ndiyo kiini cha jambo lenyewe.

Simu nyingi za bei nafuu hupewa toleo jipya la Android mara moja tu, au hazipewi kabisa. Hata pale linapopatikana, linakuja na uzito wa MB nyingi, na mtu anayenunua bando la siku hawezi kulimalizia kwenye kupakua kitu ambacho hakukiomba. Nafasi ndani ya simu nayo imeshajaa picha za harusi na za misiba. Basi simu inabaki na sura ileile miaka minne, mitano, mpaka inapodondoka kisimani au kioo kinapokufa. Mwenye simu anakwenda Mpanda mjini kununua nyingine, na siku hiyo moja anakutana na mabadiliko yote ya miaka hiyo kwa pamoja. Alama zake tatu hazipo. Mahali pa kuongeza mwanga pamehama. Ujumbe mfupi una picha nyingine. Zaidi ya hapo, Tecno, Itel na Infinix, ambazo zote ni za kampuni ya Transsion ya China, kila moja huivisha Android joho lake, na Samsung ina lake pia. Kwa hiyo aliyetoka Itel kwenda Samsung anakuwa amebadilisha toleo na joho kwa wakati mmoja.

Sasa mtu huyo awe ni mama mweka hazina wa kigango kilicho mbali huko Mpimbwe au Mwese, mwenye laini ya kigango iliyosajiliwa kwa jina lake. Jumapili jioni anatakiwa kutuma sadaka parokiani. Kioo kipya hakielewi. Atamwomba kijana wa jirani au mtu yeyote aliyesimama kwa wakala amsaidie, na katika kusaidiwa huko atataja namba ya siri. Tunaandika hili bila kumshtaki kijana yeyote. Tunataka ieleweke tu kwamba sura ya simu ikihama ghafla, siri ya fedha za watu wengi huhamia mikononi mwa yule anayeielewa simu.

Yapo na mambo ya mazingira ambayo mbunifu aliye ofisini yanampita. Simu zetu hutumika nje, juani, sokoni na shambani. Maandishi membamba ya kijivu juu ya rangi nyeupe hayaonekani saa saba mchana pale Majimoto. Vioo vingi vina ufa, na kioo chenye ufa pembeni mara nyingi hakisikii kidole kinachoanzia ukingoni, ambako ndiko ishara mpya zinakoanzia. Kitufe kilichochorwa katikati ya sehemu nzima ya kioo kingefanya kazi bila shida.

Anayesoma alama kuliko maneno

Wapo wengi miongoni mwetu wanaotumia simu vizuri ilhali kusoma kwao ni kwa shida. Hawa hukariri mahali na rangi: picha ya kijani iliyo chini kushoto ni ya kupiga, ile ya pili kutoka juu ni ya picha. Mama wa namna hii huenda akaonekana mbele ya kamati kuwa mjuzi kabisa wa simu, mpaka siku picha zile zihame.

Jambo hili limefanyiwa uchunguzi. Indrani Medhi na wenzake katika maabara ya Microsoft huko Bangalore, India, walichapisha mwaka 2006 matokeo ya kazi waliyoifanya pamoja na wanawake wenye kipato kidogo na elimu kidogo, na wakaonyesha kwamba michoro inayoeleweka pamoja na sauti ya kueleza humsaidia mtu asiyesoma kutumia chombo bila kushikwa mkono. Kazi zao za baadaye zilionyesha pia kwamba watu wenye elimu kidogo hupata taabu hasa pale jambo linapofichwa ndani ya menyu iliyo ndani ya menyu nyingine. Tazama basi mwelekeo wa sura mpya: kioo kinasafishwa ili kipendeze, na vilivyoondolewa vinafichwa ndani ya menyu. Usafi huo hulipiwa na yule ambaye hakusoma.

Kuna na suala la lugha. Katika mkoa wetu mtu anaweza kulelewa kwa Kifipa, Kibende, Kipimbwe, Kisukuma au Kiha, na katika makazi ya Katumba na Mishamo kwa Kirundi. Kiswahili ndicho kinachotukutanisha, na simu nyingi za Android zinaweza kuwekwa Kiswahili. Kazi ya kuipeleka lugha yetu kwenye vyombo hivi ilianza mapema. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kupitia mradi wa Klinux kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisini ya kompyuta iliyotafsiriwa kwa Kiswahili, na watu wamekuwa wakibishana kuhusu maneno. Ubishi haujaisha. Simu inasema Mipangilio, watu mitaani wanasema seting. Vijana wengi wa Mpanda huacha simu katika Kiingereza, wakisema Kiswahili chake ni kigumu. Wana sababu kwa kiasi fulani, kwani maneno mengine yalitungwa mezani na hayajawahi kusikika sokoni. Hata hivyo, kwa mtu asiyejua Kiingereza, neno Futa linabaki kuwa onyo ambalo neno la kigeni haliwezi kumpa, hasa anapokaribia kufuta orodha ya wachangiaji.

Kile ambacho hakikuhama

Ili kuona kwamba mabadiliko yanaweza kufanywa kwa heshima, tuna mfano wa hapahapa nchini. Mwezi Novemba 2024 kampuni ya Tigo ilibadilisha jina na kuitwa Yas, na huduma ya Tigo Pesa ikaitwa Mixx by Yas. Mabango, rangi na fulana za mawakala vyote vilibadilika. Lakini mteja aliyezoea kubonyeza *150*01# aliendelea kubonyeza namba hiyohiyo, na pesa yake ilikuwa palepale. Vivyo hivyo *150*00# ya M-Pesa. Menyu hizi za namba hazitegemei sura ya mfumo wa simu, kwa hiyo hufanya kazi kwa kitochi na kwa simu ya kupangusa bila kujali toleo. Wataalamu wengine huzidharau kwa kuwa hazina picha wala rangi. Sisi tunaziheshimu kwa sababu ya ukaidi wake. Tangu M-Pesa ianze Tanzania mwaka 2008, simu zimebadilika sura mara nyingi, na mzee wa Karema bado anabonyeza nyota na namba zake kama mwanzo.

Je, tukatae mabadiliko?

Baada ya kusoma haya yote, kamati inaweza kuamua kwamba simu ya parokia isiguswe na toleo lolote jipya. Uamuzi huo una hatari yake. Simu za mfumo wa Windows zilipendwa na baadhi ya watu, lakini tarehe 31 Desemba 2019 WhatsApp ilisitisha huduma kwenye simu hizo. Vodacom ilileta mwaka 2019 Smart Kitochi, simu ya vitufe yenye mfumo wa KaiOS, ambayo kwa watu wa vijijini lilikuwa wazo zuri sana kwa maoni yetu. Mwaka 2024 WhatsApp iliondolewa kwenye duka la programu la mfumo huo. Hata Android iliyo chini ya toleo la 5.0, yaani ile ya kabla ya pembetatu, duara na mraba, haipokei tena WhatsApp. Aliyeikataa sura ya mwaka 2014 ameishia kukosa taarifa za jimbo. Mbaya zaidi, simu isiyosasishwa hubaki na mianya ambayo imeshajulikana kwa wezi.

Kwa hiyo mara nyingi usalama na sura huishia katika gunia moja, na si rahisi kwa muda mrefu kuchukua kimoja na kuacha kingine. Hapa ndipo tunapokubaliana na walalamikaji. Marekebisho ya usalama yangeweza kutolewa bila kumlazimisha mtu ajifunze upya kurudi nyuma.

Kinachowezekana kwetu kwa sasa ni cha kawaida kabisa. Katika simu nyingi za Android alama tatu za chini zinaweza kurudishwa. Mtu huingia kwenye Mipangilio, hutafuta sehemu ya usogezaji au ishara, kisha huchagua vitufe vitatu. Jina la sehemu hiyo hutofautiana kati ya Tecno na Samsung, lakini ipo. Maandishi yanaweza kukuzwa na kukolezwa. Kwenye iPhone miondoko na uwazi wa kioo vinaweza kupunguzwa katika sehemu ya ufikivu. Simu mpya ya kamati ifanyiwe marekebisho haya siku ya kwanza, kabla haijakabidhiwa, na picha za programu zipangwe mahali palepale zilipokuwa kwenye simu ya zamani. Ni kazi ya nusu saa kwa kijana mmoja, mbele ya mweka hazina mwenyewe, bila namba ya siri kutajwa.

Jambo la pili ni fedha ya mafunzo. Serikali ilipoendesha Sensa ya tarehe 23 Agosti 2022 kwa vishikwambi, makarani walifundishwa kwanza na kufanya majaribio kabla ya kuingia mitaani, na kwa njia hiyo watu 1,152,958 wa Mkoa wa Katavi wakahesabiwa. Katika maandiko ya miradi ya parokia, kwa kawaida mstari wa vifaa huwa na bei ya simu peke yake. Tunashauri uongezwe mstari wa siku moja ya kujifunza, pamoja na nauli na chakula, kila mara simu zinapobadilishwa au kamati mpya inapochaguliwa. Ni fedha ndogo ikilinganishwa na bei ya simu. Tunajua kwamba baadhi ya wafadhili hupenda kitu kinachoweza kupigwa picha, na siku ya mafunzo haipendezi kwenye picha.

Kwa marafiki zetu wa nje wanaopenda kututumia simu zilizotumika, tunashukuru, na tuna ombi. Simu tano za aina tano zinampa katekista mmoja kazi ya kuwafundisha wenzake mifumo mitano. Tena iPhone za mwaka 2018, yaani XR na XS, hazipokei mfumo wa Apple wa mwaka 2025, kwa hiyo zinafika zikiwa zimeshaanza safari ya kuachwa nyuma, na chaja zake si zile zinazoazimwa kijijini. Kabla ya kufunga mzigo, ulizeni kwanza kigango husika kinatumia simu gani. Mara nyingi jibu litakuwa Tecno au Itel inayopatikana dukani Mpanda, yenye fundi wake hapohapo mjini, na thamani ya iPhone moja iliyotumika huweza kununua mbili au tatu za aina hiyo, zote zikiwa na sura moja.